Mgonjwa ambaye hayupo chumbani: niliyojifunza kwenye kamati za baraza la wauguzi

Watu wakishajua niliwahi kukaa kwenye kamati za baraza la uuguzi na ukunga hapa Tanzania swali la kwanza hua ni hilo hilo, mlifuta leseni za wangapi? Wauguzi wenzangu wanaliuliza kwa woga, ndugu wa wagonjwa wanaliuliza kwa hasira, na pande zote mbili zinaamini kamati ni chumba cha kuadhibia watu. Naandika hii kwa ajili ya wadogo zangu wa kada hii ambao kuna siku watapokea barua ya uteuzi, na pia kwa mama au baba yeyote aliewahi kupeleka malalamiko akabaki anajiuliza kule ndani kunafanyika nini. Kuna jambo moja nilitoka nalo kule na ninalo mpaka leo, kwamba mtu muhimu kuliko wote kwenye kile kikao hua hayupo chumbani. Mgonjwa hayupo. Saa ingine ameshafariki, saa ingine yuko kijijini hana nauli, saa ingine hata hajazaliwa. Tuliopo ni sisi, watu wa kada moja, tunajuana, na kila kitu mle ndani kinakuvuta umuonee huruma muuguzi mwenzio aliekaa mbele yako anatetemeka mikono.

Niweke sawa kwanza manake wengi wanachanganya. Baraza letu linafanya kazi kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ile iliyokuja kuchukua nafasi ya sheria ya 1997. Linatunza rejista, linatoa leseni, linaangalia vyuo vinafundisha nini, na linashughulikia mwenendo wa waliosajiliwa. Sio chama cha kututetea. Vyama tunavyo, kuna TANNA ambacho ni chama cha wauguzi, kuna chama cha wakunga, kuna TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, kwa mambo ya ajira, na hao watutetee na watutetee kwelikweli ndio kazi yao. Baraza ni la mwananchi. Mimi hili nilikua nalijua kwa kukariri tu, kama tulivyokariri kile kiapo cha Nightingale chuoni huku tumeshika mishumaa, kulielewa kwa kazi kulikuja baadae.

Nilianzia kamati ya mafunzo. Tulikua tunapitia maombi ya vyuo vinavyotaka kuanzisha kozi za cheti au diploma alafu tunaenda kuona wenyewe. Siku ya ukaguzi chuo chochote kinapendeza, rangi mpya, vitanda vimetandikwa kona zimekunjwa vizuri, midoli ya kufundishia imepangwa kwenye foleni na mingine bado iko ndani ya nailoni yake, haijaguswa. Nikajifunza kutoangalia sana majengo. Nilikua naomba mwanafunzi wa mwaka wa pili, namchagua mwenyewe sio wa kuletewa, namwambia mdogo wangu, mtoto huyu kazaliwa sasa hivi na halii, nionyeshe utafanya nini. Ile dakika ya kwanza tunayoiita dakika ya dhahabu, mtoto akaushwe, asuguliwe mgongo, njia ya hewa iwe wazi, na kama bado hapumui aanze kupewa hewa kwa ambubegi, ule mfuko wa kubonyeza wenye maski, kabla dakika haijaisha. Aliefundishwa mikono inaenda yenyewe. Ambae hajafundishwa anaanza kukuelezea maana ya kushindwa kupumua, vizuri kabisa, kwa Kiingereza cha kwenye notisi, alafu anashika ile maski juu chini. Hapo haijalishi tena chuo kina projekta ngapi. Kingine ni orodha ya watyuta, yaani walimu wa chuo, unakuta jina la mtu unaemjua kabisa yuko zamu kila siku hospitali ya mkoa mwingine, sasa hapa anafundisha saa ngapi?

Kuna mmiliki mmoja wa chuo alituambia kwa uchungu kabisa kwamba tukimnyima kibali vijana wa pale watakosa pa kwenda na mkopo wa benki utamshinda. Alikua anasema kweli na mimi roho iliniuma. Mwenyekiti wa msafara wetu, mama mmoja mtu mzima aliezalisha leba miaka mingi kabla sijamaliza shule, akamsikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Baba, tumekuelewa. Ila kuna binti yuko kidato cha nne saa hizi, baada ya miaka mitatu atajifungua zahanati mikononi mwa huyu mwanafunzi wako. Huyo binti hajaja kuongea na sisi leo, kwaiyo lazima mtu amsemee." Kibali hakikutoka siku ile, waliandikiwa mapungufu wakarekebishe. Mimi kufikiri kikamati nilianzia pale, sio kwenye semina.

Kamati ya usajili sitaieleza sana, ni karatasi, kuhakiki vyeti, kulinganisha majina na picha, kuandikia vyuo kuuliza kama kweli mtu alisoma pale. Ila msiidharau. Mwaka 2017 uhakiki wa serikali ulipotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi nchi nzima watu wengi waliongelea mishahara iliyoliwa, sisi wa afya tulikua tunawaza kingine kabisa, manake mwenye cheti feki akiwa ofisini anaharibu barua, akiwa leba anaharibu mtu.

Sasa kamati ya maadili. Hii ndio ilininyima usingizi.

Malalamiko yanakuja kwa sura nyingi, barua ya mkono ya kurasa kadhaa iliyoandikwa na mjomba wa marehemu, ripoti ya mwajiri yenye mihuri mitatu, mara ingine kipande cha video. Na wananchi wengi hawajui kwamba tukio moja linaweza kwenda sehemu tatu tofauti na kila sehemu ikawa na maamuzi yake. Mwajiri anashughulika na ajira. Polisi na mahakama wanashughulika na jinai. Baraza linashughulika na leseni, yaani kama huyu mtu aendelee kuwagusa wagonjwa na kuaminiwa nao au la. Kwaiyo mwajiri anaweza kumpa mtu onyo na kumuhamisha kituo, faili likafungwa, na baraza bado likamuita. Kinyume chake ndio kilikua kinaniumiza zaidi, mtu amefukuzwa kazi kwa kosa la hatari lakini hakuna alieandika barua barazani, leseni yake inabaki nzima na baada ya muda mfupi yuko zahanati ya mtu binafsi mkoa mwingine, amevaa gauni jeupe limepigwa pasi. Inchaji, yaani mkuu wa wodi au kituo, akiona mtu fulani hafai anamtoa kwake ili apumue, anadhani amemaliza, kumbe amempelekea mgonjwa wa mwenzie. Kama wewe ni metroni au patroni au mganga mfawidhi unasoma hii, tafadhali sana, ukimuondoa mtu kwa kosa la kuumiza mgonjwa peleka taarifa barazani.

Kusikiliza kwenyewe kuna taratibu, na mwanzoni nilikua naziona kama zinatuchelewesha. Mwanasheria aliekua anatushauri alikua hachoki kutukumbusha Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, kwamba haki ya mtu inapoamuliwa na chombo chochote ana haki ya kusikilizwa kikamilifu. Kwa vitendo maana yake ni kwamba huwezi kumwandikia mtu shtaka la "uzembe" ukaishia hapo. Andika tarehe, andika saa, andika mama yupi, alitakiwa afanye nini na hakufanya nini. Mpe nyaraka zote mapema azisome, sio azione mezani siku ile ile. Alieenda kuchunguza asikae tena kwenye kuamua. Na ukimjua mtu au ukiwa na maslahi yoyote, sema na utoke nje. Nilikuja kuelewa kwamba taratibu hizi zinamlinda na mgonjwa pia, manake uamuzi uliofanywa kwa hasira na haraka unakatiwa rufaa unaanguka, na muuguzi hatari anarudi wodini akiwa msafi kuliko alivyotoka.

Hili la kujuana ni gumu kwetu kuliko watu wanavyofikiri. Wauguzi tulisoma vyuo vichache, tumepokeana wodini, tumezalishana. Jioni moja alinipigia simu mama ambae ndie alienifundisha ukunga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko? Watoto wazima? Sasa mwanangu, kuna binti yangu mmoja faili lake limefika kwenu. Ni mtoto mzuri sana, kapatwa tu na mtihani. Muangalieni."

Mtu aliekushika mkono ukapima njia ya mama kwa mara ya kwanza maishani mwako, unamwambiaje hapana? Nilimwambia mama nakuheshimu na utabaki kua mama yangu, ila kwa kua umenipigia kuhusu faili hilo sasa itanibidi nikaseme kwenye kikao na nikae nje likisikilizwa. Akakata simu. Hatukuongea muda mrefu sana na kwenye harusi ya mwanae sikupata kadi, na hilo liliniuma, nilimlilia mume wangu. Lakini kwenye kikao nilisema, nikatoka, likasikilizwa bila mimi, na matokeo yake mpaka leo siyajui kwa undani na wala sikuuliza.

Nieleze faili moja kwa urefu kidogo kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu, nimebadilisha mambo ili mtu asitambulike. Binti wa mimba ya kwanza, alikuja usiku kwenye kituo fulani cha afya na uchungu, asubuhi mtoto akazaliwa amekufa. Ndugu walilalamika kwamba binti yao alipiga kelele usiku kucha na hakuna alieenda kumuangalia. Mkunga wa zamu alikua mmoja. Faili lilipotufikia patografu, ile karatasi ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, ilikua nzuri kupita kiasi. Mapigo ya moyo wa mtoto yamepimwa kila nusu saa, saa saba kamili, saa saba na nusu, saa nane kamili, saa nane na nusu, wino mmoja, mkandamizo mmoja wa kalamu, nukta zimekaa kwenye mstari hazijayumba. Yeyote aliewahi kukesha leba anajua patografu ya kweli haiko hivyo, ya kweli ina dakika za ajabu ajabu, ina saa nane na dakika kumi na saba, ina kalamu mbili kwa sababu ya kwanza imeisha wino, ina doa la iodini pembeni.

Mjumbe mmoja, kaka mpole sana asieongea mara nyingi, akaomba tuletewe kitabu cha MTUHA namba 12, kile cha kuandikia kumbukumbu za wodi ya wazazi. Kikaja. Mle ndani mkunga yule yule alikua amezalisha kina mama wengine wawili usiku ule, na mmoja wao alitokwa damu nyingi sana baada ya kujifungua, saa zile zile ambazo patografu inasema alikua kitanda kingine anasikiliza mapigo ya mtoto wa yule binti. Hawezi mtu mmoja kua sehemu mbili.

Chumba kiligawanyika. Wengine wakasema ameghushi kumbukumbu za mgonjwa, jina litoke kwenye rejista, basi. Wengine wakasema jamani sote tumewahi kua pale, peke yako usiku, kina mama watatu, mwacheni mtoto wa watu. Mimi moyo wangu ulikua kwa hawa wa pili, nisifiche, kwa sababu zamu ile naijua, unakimbia mpaka kandambili zinakatika. Mwenyekiti akasema kabla ya kuamua chochote tumsikilize. Akamwambia, "Sista, tuambie usiku ule ulivyokua, kuanzia ulivyopokea zamu, usiharakishe." Akasema. Alimshughulikia aliekua anavuja damu, oksitosini ya kubana mfuko wa uzazi, kusugua mfuko wa uzazi, dripu mbili, alimpigia simu mwenzie wa zamu ya akiba haikupokelewa. Yule mama alipona. Alipomrudia binti mapigo ya mtoto hayakusikika tena. Asubuhi aliambiwa ajaze faili haraka kabla wakubwa hawajafika, akajaza.

Tulichokifanya ni kutenganisha usiku na asubuhi. Usiku alikua mtu mmoja kati ya wagonjwa wanaohitaji watu watatu, akamkimbilia aliekua anakufa mbele ya macho yake, na kwa hilo hakuna mkunga aliekua mle chumbani angeweza kumlaumu kwa haki. Kuhusu usiku tulimuuliza tu kwa nini hakupiga simu kwa mtu mwingine yeyote, kwa daktari, kwa mganga mfawidhi, hata kwa mlinzi amfuate mtu nyumbani. Asubuhi ni jambo lingine. Asubuhi hakukua na mtu anaevuja damu, kulikua na kalamu na yule binti amelala pale na maziwa yameanza kumjaa kifuani, na ile kalamu ilimnyang'anya haki ya kujua mtoto wake alikufaje. Leseni ilisimamishwa kwa muda, na akirudi afanye kazi chini ya uangalizi kwanza. Na tuliandika barua kwa halmashauri husika kuhusu mkunga mmoja usiku kwenye wodi yenye kazi kiasi kile, kwa kua baraza haliajiri mtu lakini kalamu linayo. Muda ulipita, mtu wa pili wa usiku akaja kuwekwa.

Wadogo zangu wa leba, nawaomba hili moja. Andikeni ukweli hata ukiwa mbaya. "Saa 8:20 sijaweza kupima mapigo, niko na mama anatokwa damu kitanda cha pili, nimempigia fulani hajapokea." Sentensi hiyo ingemlinda yule dada kuliko nukta zote zile, na ingemsaidia yule binti, na hata mkurugenzi angeisoma angeona shida iko wapi. Karatasi iliyojazwa uongo mzuri inaficha upungufu wa watu kila usiku, mwisho wa mwezi takwimu zinaonyesha mkunga mmoja anatosha kabisa kwa kina mama watatu.

Kwenye faili hilo hilo kulitokea ubishi ambao naona haujaongelewa vya kutosha. Mjumbe mmoja alitaka tuombe muhtasari wa kile kikao cha hospitali cha kujadili vifo vya kina mama na watoto wachanga. Vikao hivi vimewekwa ili watu wa kituo wakae waongee wazi bila kutaja majina na bila lawama, kifo kilianzia wapi, gari lilichelewa, damu haikuwepo, nani hakuelewa dalili. Mimi nilipinga kwa nguvu zote. Siku kamati ya maadili itakapotumia maneno ya kikao kile kumuadhibu mtu, siku hiyo hiyo vikao vyote nchi nzima vitakufa, watu watakaa wataandika "mama alichelewa kufika" kwenye kila kifo na wataenda kunywa chai. Taifa hili limeshusha vifo vya uzazi toka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16 mpaka 104 kwenye ule wa 2022, na sehemu kubwa ya hiyo kazi imefanywa na wakunga hawa hawa kwa kuambizana ukweli. Tukakubaliana tutakusanya ushahidi wetu wenyewe, faili, vitabu, mashahidi, na ule muhtasari tusiuguse. Nilifurahi sana siku ile. Kuna aina ya ukali ambao unaonekana kama unamtetea mgonjwa wa leo na unawaacha wa kesho hawana mtu.

Alafu kuna video. Hii ni mpya, wazee waliokaa kabla yetu hawakua nayo. Kiongozi anatembelea hospitali, mwananchi ananyoosha mkono analalamika, nesi anaitwa mbele ya kamera anaulizwa maswali mawili na hapo hapo anatangazwa kusimamishwa, jioni nchi nzima imeshaona sura yake kwenye simu. Wiki chache baadae faili liko kwetu na kila mjumbe ameshaiona ile klipu, mama zetu nyumbani wameshaiona, wametuambia kabisa "yule nesi mkimuacha nyie nanyi ni wale wale". Tulikua tunajilazimisha kuanza upya kutoka kwenye maandishi. Na nakuhakikishia kuna mara mtu aliekua anatukanwa mtandaoni alikutwa ndie pekee aliefanya kazi usiku ule, na kuna mara ambae klipu ilimuonyesha analia kwa huruma alikutwa na kosa kweli. Hasira ya wananchi ina sababu, watu wameumia, na sipendi wauguzi wanaoidharau. Lakini yule mgonjwa tunaemsemea anahitaji tujue kilichotokea, na hakipatikani kwenye dakika moja ya video.

Kuhusu kauli. Jamani kauli. Ukisoma zile barua za malalamiko kwa utulivu utaona jambo linajirudia, kifo au ulemavu unatajwa katikati huko, ukurasa wa kwanza ni maneno. "Alituambia tusimsumbue." "Alisema wakati unatengeneza hukutuita." "Tuliuliza hali ya mgonjwa akaendelea kuchezea simu." Familia zinavumilia mengi sana, zinavumilia hata msiba, ila ukiwadharau wakiwa wamesimama na ndoo na kanga mlangoni hawatasahau, na haki yao. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2018 wa huduma wakati wa uchungu liliweka mapendekezo 56 na la kwanza kabisa ni huduma yenye heshima, kabla ya dawa yoyote, kabla ya kipimo chochote. Kuna faili tulilikuta muuguzi amefanya kila kitu sahihi, dawa sahihi, muda sahihi, rufaa sahihi, lakini hakuna hata mtu mmoja aliemwambia mume kwamba mkewe anapelekwa thieta, akaja kumkuta hayupo kitandani na godoro limegeuzwa. Alifikiri amekufa. Barua yake ilikua na hasira ambayo nisingeielewa kama nisingeona ile sentensi ya godoro.

Na hapa narudi kwa huyu asiekuwepo, kwa sababu hata baada ya uamuzi tulikua tunamsahau. Muuguzi anapewa barua rasmi, mwajiri anapewa nakala, faili linaenda kabatini. Mlalamikaji je? Mara nyingi alikua anapata mistari miwili, malalamiko yako yameshughulikiwa, tena kwa Kiingereza cha kisheria, wakati mama mwenyewe alitueleza yote kwa Kiswahili na machozi. Mahakama zenyewe tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 zinatakiwa zitumie Kiswahili, sisi tunangoja nini? Nikalishikilia hili kwenye kila kikao mpaka nadhani walinichoka. Walioogopa walikua na hoja, kwamba ukimuandikia mtu kwa undani anaweza kuitumia barua kwenye kesi nyingine, kwamba kuna siri za muuguzi. Hoja hizo ni za kweli, zina namna ya kuzishughulikia, mwanasheria akatusaidia kuona kipi kinaweza kusemwa na kipi kibaki.

Tukaanza na lile faili la binti wa mimba ya kwanza. Barua ilikua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida. Ilianza kwa pole, ikataja jina la mtoto kwa sababu familia ilishampa jina, ikaeleza kwamba usiku ule mkunga alikua mmoja na kina mama watatu, kwamba kwa muda fulani mtoto hakupimwa mapigo, kwamba karatasi iliyoonyesha amepimwa haikua ya kweli, na kwamba baraza limesimamisha leseni ya mkunga kwa muda na kuandikia halmashauri kuhusu idadi ya watumishi. Chini tukaweka namba ya simu ya ofisi.

Shemeji wa yule binti ndie aliepiga. Aliuliza kusimamishwa leseni maana yake nini na je atarudi kuzalisha, akaelezwa. Akauliza na kituo chenyewe kilichoweka mtu mmoja usiku kinashtakiwa wapi, hilo sio la baraza, akaelekezwa aanzie kwa Mganga Mkuu wa Mkoa na aandike kwa maandishi abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Akaomba asubiri kidogo achukue kalamu.